Nilianza na Otis Redding nikajikuta Timbuktu: uzi wa wasikilizaji wa albamu za soul na muziki wa dunia kwenye CD

#1 sikio_la_tatu

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu nawaonya mapema, mwenye haraka aweke alama arudi usiku.

Iko hivi. Nilinunua boksi la CD za mtumba, sitini na kitu, mwenye nazo alikua anahama na hataki mzigo, akasema chukua zote au acha zote. Mimi nilikua naitaka moja tu humo ndani, Otis Blue ya Otis Redding, zilizobaki nikasema ntagawa. Kufika nazo naona nusu ni soul ya Marekani ya miaka ya 60 na 70, nusu ni vile vitu ambavyo maduka yanavipanga pembeni na kuviita muziki wa dunia: Mali, Cuba, Cape Verde, Pakistan, Ethiopia, huko kote sina habari nako, sijui nani ni nani.

Nikajiwekea sheria moja ya kijinga. CD moja kwa usiku, mwanzo mpaka mwisho, simu chumba kingine, kijitabu cha ndani mkononi. Hiyo ya kijitabu ndio iliyonileta hapa, maana sikujua kama yale maandishi madogo ya kuumiza macho ndio ramani yenyewe.

Usiku wa kwanza Otis Blue. Imetoka 1965, nyimbo 11, haifiki dakika 35. Karibu yote ilirekodiwa ndani ya saa kama 24 tu mwezi Julai mwaka huo pale Stax, Memphis, studio ambayo zamani ilikua jumba la sinema hata sakafu yake ilikua na mteremko, na katikati ya kazi walisimama kwa sababu wapigaji walikua na shoo usiku huo, wakaenda wakapiga shoo yao wakarudi usiku wa manane wakaendelea. Ukishajua hilo ndio unaelewa kwa nini Respect inasikika kama watu wanakimbizana na muda. Ndio, Respect ni ya Otis, Aretha Franklin aliichukua 1967 akaigeuza kichwa chini, kwa Otis ni mwanaume anadai heshima akirudi nyumbani, kwa Aretha ni mwanamke ndio anadai, na lile la kutaja neno herufi kwa herufi halipo kabisa kwa Otis, nililisubiri mpaka wimbo ukaisha hahaha.

Sasa nikasoma majina. Drams Al Jackson Jr., besi Donald "Duck" Dunn, gitaa Steve Cropper, piano Booker T. Jones na kijana mmoja Isaac Hayes. Nikarudia CD nikimsikiliza huyo wa drams peke yake. Jamaa hapambi kitu. Anapiga kama mtu anaegonga mlango huku anajua fika mwenyewe yumo ndani.

Usiku wa tatu nikatoa Just As I Am ya Bill Withers, 1971. Kwenye kava jamaa kasimama kaegemea ukuta kashika sanduku lake la chakula cha kazini, maana alikua bado mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya ndege, mtu wa miaka thelathini na kitu ndio kwanza anatoa albamu ya kwanza. Ile Ain't No Sunshine pale anaporudia "I know" mara 26 mfululizo, alikua anataka kuandika maneno mengine pale wakamwambia acha hivyo hivyo. Nafungua kijitabu, mtayarishaji nani? Booker T. Jones. Drams? Al Jackson Jr. tena! Na pembeni yake mpiga drams wa pili, Jim Keltner. Nikalipita hilo jina bila kulijali.

Usiku wa nne Al Green, Let's Stay Together, 1972, hiyo ni lebo (kampuni ya kurekodi) nyingine kabisa, Hi Records, mtayarishaji Willie Mitchell. Naangalia walioandika wimbo wenyewe uliobeba jina: Al Green, Willie Mitchell na Al Jackson. Yaani mpiga drams wa Otis ndio kaandika na huyu. Nikaanza kucheka peke yangu.

Halafu nikaja kutoa CD moja ina kava la rangi ya mchanga, Talking Timbuktu, 1994, Ali Farka Touré wa Mali na Ry Cooder wa Marekani. Nikaiweka nikiwa sina matarajio yoyote. Gitaa likaanza, linazunguka mle mle kama mtu anaetembea bila haraka ila ana safari ndefu, anaimba lugha za kwao, nyuma kuna kibuyu kinapigwa. Nafungua kijitabu. Drams: Jim Keltner.

Wakuu nilisimama. Yule yule wa Bill Withers! Miaka 23 katikati. Kutoka jumba la sinema la Memphis mpaka Timbuktu nimepita kwa majina mawili tu ya wapiga drams, sijauliza mtu, sijapewa orodha ya "albamu 100 za lazima".

Ndio naleta uzi. Nani mwingine anatafuta muziki kwa njia hii? Na mimi naendelea kuwapa ripoti ya boksi.

#2 kijana_wa_strimu

mkuu story tamu ila hizi zote zipo mtandaoni, mimi dakika tano tu nshaziweka zote kwenye orodha yangu nasikiliza na hedifoni. na majina ya wapigaji siku hizi hata huko yanawekwa ukibonyeza vile vidoti. CD ni mizigo tu, mtaziweka wapi zote hizo

#3 sikio_la_tatu

Dogo sikatai, mengi yapo. Ila bonyeza hivyo vidoti kwenye albamu ya zamani uone, mara nyingi utakuta mwandishi wa wimbo na mtayarishaji, basi, mpiga besi hayupo. Na kingine, huko ukimaliza wimbo wa pili mashine inakuletea kinachofanana na ulichosikiliza jana. Mimi mashine isingenitoa kwa Bill Withers ikanipeleka kwa Ali Farka Touré, maana kwa masikio ya haraka havifanani hata kidogo.

#4 Babu Santuri

Kijana wa strimu usibishane na huyu, CD tumezidharau wenyewe halafu sasa hivi watu wanazikimbilia.

Mimi ni mtu wa santuri tangu enzi na enzi, nimeziheshimu mpaka leo, lakini kuna mahali lazima niseme kweli CD imetusaidia. Fela Kuti wa Nigeria. Mtu anatunga wimbo wa dakika 25, santuri upande mmoja haubebi vizuri, kwa hiyo wanaukata katikati. Confusion ya 1975 ni hivyo, unacheza, mdundo umekushika shingo, ghafla unafifia, unainuka unageuza santuri, unaanza upya na mwili umeshapoa. Kwenye CD inakwenda moja kwa moja na bado nafasi inabaki, ndio maana CD nyingi za Fela zina albamu mbili ndani ya diski moja. CD inabeba dakika 74 mpaka 80, santuri dakika ishirini na kitu kila upande.

Ila ubaya wake nao upo. Albamu mbili zikikaa pamoja unapoteza mwisho. Zombie ya 1976 ilitakiwa iishe ukae kimya, sio unapumua tu mara kinaanza kitu cha mwaka mwingine. Mimi nikiweka CD za namna hiyo nazima deki katikati kwa makusudi, naenda zangu nje kidogo, narudi.

#5 sikio_la_tatu

Shikamoo mzee wangu, hiyo ya kuzima katikati naichukua. Nna CD moja wamebandika nyimbo saba za "ziada" mwishoni, majaribio ya studio, wimbo ule ule mara tatu, yaani albamu imeisha vizuri kabisa halafu unaletewa makombo.

#6 dada_wa_kwaya

Jamani nimesoma uzi wote naona wanaume mnahesabu wapiga drams tu. Kwenye boksi hakuna Amazing Grace ya Aretha? Kama haipo kaka yangu umepata boksi lenye tundu.

Nielezee kidogo maana hii naijua kwa moyo. Januari 1972, siku mbili mfululizo, Aretha anarudi kuimba nyimbo za kanisani, na hakufanya studio, alifanya ndani ya kanisa kweli, New Temple Missionary Baptist Church, Los Angeles, na watu wamekaa. Mchungaji James Cleveland ndio anaongoza na piano, kwaya ni Southern California Community Choir. Huyu dada wakati huo ni nyota mkubwa, angeweza kutoa albamu yoyote ya mapenzi ikauzika, akaenda kuimba nyimbo alizolelewa nazo, na baba yake mzazi, mchungaji C.L. Franklin, yupo pale pale anapewa kipaza sauti anaongea.

Sasa kwenye ile Amazing Grace yenyewe, msikilize anavyoinyoosha silabi moja. Anaingia kwenye neno, anakaa humo, kwaya inamngoja, watu wanaanza kupiga kelele kabla hajatoka kwenye hilo neno. Mimi naimba kwaya, nakwambia kile kitu sio sauti tu, ni kuachia nafasi. Mwimbaji mwoga anajaza kila upenyo.

1999 walitoa toleo la CD mbili lina siku zote mbili kamili. Lile sikilizeni. Na kwa ajili yenu nyie watu wa vijitabu, besi Chuck Rainey, drams Bernard Purdie, gitaa Cornell Dupree. Haya fuateni.

#7 sikio_la_tatu

Dada haikuwepo, nimekubali tundu lipo, nimeitafuta nimeipata na jana usiku ndio ilikua zamu yake.

Sasa niwaambie kilichotokea. Baada ya hiyo ratiba ilikua Nusrat Fateh Ali Khan, Shahen-Shah, 1989, imetolewa na Real World, lebo aliyoianzisha Peter Gabriel. Ni kawali, nyimbo za sifa za Waislamu wa Kisufi, kundi limekaa chini, harmoniamu (kinanda cha upepo), tabla (ngoma ndogo mbili), makofi, yeye katikati. Kama usiku huo ningekua nimetoka kusikiliza kitu kingine ningesema hii ni ngeni mno sijui pa kushika, lakini masikio yalikua bado yapo kanisani na Aretha, na nikasikia kitu kile kile! Anaimba mstari, kundi linamrudishia, anaurudia ameupindisha kidogo, wanamrudishia, sauti inapanda ngazi moja, makofi yanakaza, halafu anaacha maneno kabisa anabaki anaimba majina ya noti kama mtu aliyefungua bomba. Lugha sijui hata neno. Lakini ile ya kuitana na kuitikiana, ile ya kumsukuma mwimbaji mpaka afike mahali maneno hayatoshi, ni ile ile.

Watu wengi wanaelekeza wageni waanze na Mustt Mustt ya 1990 kwa sababu ina magitaa na besi za kisasa. Mimi naona wanakosea, ile inakupa mahali pa kushika lakini inakunyima makofi.

#8 Fundi Spika

Naomba niingilie kiufundi maana naona watu wanapewa hamu halafu wataharibu diski.

CD za mtumba zikifika, usizipanguse kwa mzunguko kama unaosha sahani. Unatoka katikati unanyoosha kwenda ukingoni, kitambaa laini, maji kidogo na sabuni kidogo. Kwa nini? Deki inasoma kwa kuzunguka kuanzia ndani kwenda nje, mkwaruzo unaokatiza njia inauruka na kujaza pengo kwa hesabu zake, mkwaruzo unaofuata njia unafuta data mfululizo, hapo ndio inaanza kukwama kwama.

Na watu wote wanaogopa upande wa chini unaong'aa, wakati wa hatari zaidi ni wa juu, wenye maandishi. Chini kuna plastiki nene, mkwaruzo unaweza ukasuguliwa ukaisha. Juu kuna rangi na laki nyembamba tu halafu aluminiamu yenyewe, ukikwaruza pale umekwaruza muziki. Iinue usawa wa taa, ukiona nuru inapenya kama tundu la sindano, hiyo sehemu imekufa.

La pili, neno remasta, yaani albamu ya zamani iliyotengenezewa sauti upya. Sio kila remasta ni bora. Kuanzia miaka ya 90 katikati na kuja huku, nyingi zilipandishwa sauti mpaka kila kitu kikawa sawa, kinong'ono na kelele urefu mmoja. Kwenye soul ya zamani hilo ni msiba, Al Green anaimba kama anakwambia siri, ukishampandisha sauti sawa na tarumbeta siri imeisha. CD za kwanza kwanza za miaka ya 80 nyingine sauti ipo chini, mtu anasema mbovu, hapana, ongeza sauti kwenye amplifaya, ndio kazi yake.

Kuna zenye herufi tatu nyuma, AAD, ADD, DDD. Ya kwanza jinsi ilivyorekodiwa, ya pili jinsi ilivyochanganywa, ya tatu jinsi masta ilivyotengenezwa. A ni analogi, D ni dijitali. Ukikuta AAD kwenye Otis usishtuke, ndio inavyotakiwa kuwa, 1965 hakukuwa na dijitali.

#9 kijana_wa_strimu

fundi naomba swali. nimemuomba rafiki What's Going On ya Marvin Gaye kwenye CD nikaihamishia kwenye kompyuta, MP3. kila wimbo unapoingia kwa mwenzake kuna kakitu kanakata, tk, kama kigugumizi. CD mbovu?

#10 Fundi Spika

CD nzima. Ni MP3. Faili za MP3 zinaongeza ukimya kidogo sana mwanzoni na mwishoni mwa kila wimbo, kwenye albamu ya kawaida husikii maana nyimbo zenyewe zina ukimya kati. Sasa umechagua albamu mbaya kuliko zote kwa hilo hahaha. Hamisha kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza sauti, au weka diski kwenye deki.

#11 Babu Santuri

Umechagua albamu nzuri kuliko zote, asikudanganye fundi.

Mei 1971. Marvin alitengeneza kitu kimoja, sio nyimbo tisa. Wimbo wa kwanza unaanza na watu wanasalimiana kama umefungua mlango ukakuta wenzako wameshakaa, na kuanzia hapo hufungi mlango tena. Berry Gordy mwenye Motown, lebo ya Marvin, hakuutaka wimbo wenyewe kwanza, mambo ya vita na polisi na siasa, akaona utaharibu biashara. Ukauza kuliko alivyodhani ndio akataka albamu haraka.

Na kwa ajili ya mwenye uzi na ugonjwa wake wa majina, hiyo ndio albamu ya kwanza ya Motown kuwataja wale wapigaji wa nyumbani, Funk Brothers, kwenye kava. Miaka yote ya 60 walipiga kila kibao unachokijua cha Motown na hakuna aliyeandikwa. Besi kwenye nyimbo nyingi ni James Jamerson. Kijana, weka hiyo CD, sahau kila kitu, fuata besi tu, dakika 35. Utanishukuru.

#12 kijana_wa_strimu

nimefuata. sina la kusema mzee. kumbe besi ndio ilikua inaimba muda wote

#13 sikio_la_tatu

Karibu kwenye ugonjwa dogo.

Haya ripoti inaendelea. Baada ya Talking Timbuktu nikasema nimfuate Ry Cooder, si ndio kamba ninayoishika. Kwenye boksi kulikua na Buena Vista Social Club, 1997. Hii hata wasiofuatilia wanaifahamu, lakini kisa chake kizima nimekijua kwenye kijitabu na kusoma soma. Mpango haukua huo kabisa! Nick Gold wa lebo ya World Circuit ya London alipanga kukutanisha wapiga magitaa kutoka Mali na wanamuziki wa Cuba, Havana, Machi 1996. Wa Mali wakakwama na mambo ya hati za kusafiria, hawakufika. Studio imeshalipiwa, Ry Cooder yupo, basi wakaanza kutafuta wazee. Ibrahim Ferrer alikua ameshaacha muziki anang'arisha viatu. Rubén González mpiga piano, miaka 76, nyumbani hana hata piano. Compay Segundo miaka 88. Siku sita wakamaliza.

Sikilizeni piano ya huyo mzee Rubén. Mtu ambaye hana chombo nyumbani anapewa piano ya studio, anapiga kama anaogopa wataifunga. Vidole vinakimbia mpaka mwisho wa kinanda vinarudi, hata mahali ambapo mwingine angenyamaza. Ni kinyume kabisa na alichosema dada kuhusu kuachia nafasi, na bado kinafaa! Sijui nieleze vipi.

Na ule mpango wa kwanza, Mali na Cuba, haukufa. Ulifanyika baadae wakatoa AfroCubism, 2010. Miaka kumi na nne ya kuchelewa.

Sasa kutoka hapo kamba ikagawanyika mbili. Upande mmoja, jina la Nick Gold likanipeleka In the Heart of the Moon, 2005, Ali Farka Touré tena na Toumani Diabaté wa kora, kile kinubi cha Afrika Magharibi chenye nyuzi 21. Walirekodi hotelini Bamako, pembeni ya mto Niger, hawakufanya mazoezi. Gitaa linaweka njia, kora inamwaga maji juu yake. Ali alifariki mwaka uliofuata, 2006. Hii CD naiweka nikitaka nyumba inyamaze.

Upande wa pili Orchestra Baobab wa Dakar, Specialist in All Styles, 2002, mtayarishaji Nick Gold na Youssou N'Dour, na mgeni ndani yupo Ibrahim Ferrer. Hawa walikua wanapiga muziki wa Cuba wakiwa Senegal tangu 1970, wakaja kusambaratika miaka ya 80. Mpiga solo wao Barthélemy Attisso aliweka gitaa chini akarudi kwao Togo kufanya uwakili. Wakili! Halafu wanamwita miaka kumi na kitu baadae anarudi anapiga vile. Tafuteni pia Pirates Choice, ilirekodiwa 1982, solo za huyo wakili zinateleza mpaka unasahau unachofanya.

#14 mgeni_jana

Samahanini wakuu mimi mgeni. Nina swali la kuudhi. Hili neno muziki wa dunia maana yake nini hasa, kwa nini Aretha sio wa dunia na Oumou Sangaré, mwimbaji wa Mali, ni wa dunia? Aretha alikua anaishi mwezini?

#15 Babu Santuri

Hahahaha. Swali halali kabisa.

Ni neno la rafu ya duka, mgeni. Juni 1987 watu wa lebo ndogo ndogo walikutana kwenye baa moja London, shida yao ni kwamba wana santuri za Mali na Bulgaria na Pakistan na maduka hayajui yaziweke wapi, kwa hiyo haziwekwi. Wakakubaliana neno moja la kuandika kwenye kile kigawanyio cha plastiki. Basi. Lilikua suluhisho la muuza duka, likaja kugeuka jina la muziki wa nusu ya watu wote.

Mimi silipendi lakini bila lile neno hizo CD za boksi zisingefika kwenye boksi.

#16 sikio_la_tatu

Na mimi niongezee jambo. Ndani ya boksi, katikati ya Pakistan na Cape Verde, nikakuta Remmy Ongala na Super Matimila, Songs for the Poor Man, 1989, hao hao Real World. Nikajisikia vibaya kidogo na kucheka pia. Kava na jina lote Kiingereza, unaweka, mtu anaanza kukuimbia Kiswahili, Kipenda Roho, unaelewa kila neno. Kwa mwenye boksi hiyo ilikua ni nchi ya mbali kama nyingine. Yaani siku nzima nashangaa Wasonghai wa Mali na Wasufi kumbe kuna mtu mahali anatushangaa sisi na kijitabu mkononi.

Halafu nikagundua ndio CD pekee niliyosikiliza bila kuangalia majina ya wapigaji, kwa sababu maneno yalikua yananitosha. Ikabidi nirudie nikijifanya sijui Kiswahili. Jaribuni, ni zoezi gumu ila utasikia magitaa ambayo miaka yote yalikua yamejificha nyuma ya maneno.

Kwa wanaotaka taarabu kwa mtindo huo huo wa CD yenye maelezo, kuna mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Paris, ya kwanza ni Ikhwani Safaa, klabu ya tangu 1905. Hao Buda ndio wenye Éthiopiques pia, mfululizo wa muziki wa Ethiopia, namba 4 ni Mulatu Astatke, mtu aiweke hiyo ya nne kwenye mkoba wake kabla ya nyingine zote.

#17 dada_wa_kwaya

Kaka "jifanye hujui Kiswahili" umenimaliza. Nimejaribu na Bi Kidude, nimeshindwa dakika ya kwanza.

#18 mgeni_jana

Sasa mimi nianze na ipi? Naomba moja tu, sio kumi.

#19 sikio_la_tatu

Just As I Am. Fupi, maneno machache, gitaa la kawaida, halafu kijitabu chake kina milango mingi. Ukitaka kwenda Memphis fuata Al Jackson, ukitaka kwenda Mali fuata Keltner.

Ila mkinunua mtumba fungueni kasha kabla ya kulipa. Mimi kwenye boksi kulikua na Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, 1976, albamu ambayo kwenye santuri ilikua mbili na ka-santuri kadogo juu yake, kwenye CD ni diski mbili. Niliiweka mwisho kabisa kama kitafunio. Nimefungua juzi, yale meno ya katikati ya kushikia diski yamevunjika, diski ya kwanza inacheza cheza humo ndani, ya pili haipo. Hamna. Kwa hiyo Sir Duke ninayo, I Wish ninayo, As sina, Another Star sina, na ule ambao anaanza kuimba kwa Kizulu, Ngiculela, ambao ndio ungenifungia safari yote hii, sina. Aliyeniuzia kashahama, simu haipokelewi.

#20 kijana_wa_strimu

mkuu As ipo mtandaoni nakutumia linki sasa hivi

#21 sikio_la_tatu

Usithubutu.

#22 Babu Santuri

Subirini kwanza. Mimi nina hiyo ya pili. Peke yake, kwenye bahasha, miaka mingi, ya kwanza ilimezwa na deki ya gari na gari lenyewe nilishaliuza. Nicheki PM.